Je, Wajua? Mambo 24 Kuhusu Kudumu na Tabia Njema

Mwaka mpya ukiingia tunaahidi makubwa: kuamka alfajiri, kutembea, kusoma, kuweka akiba, kupunguza sukari. Wengine hatufiki Machi, kisha tunajilaumu kwamba hatuna nia. Mara nyingi lawama hiyo si ya haki. Watafiti waliochunguza tabia, na watu waliodumu na jambo moja miaka nenda miaka rudi, wanatuonyesha kitu kimoja: anayedumu si lazima awe na nia kali kukushinda. Amepanga saa, mahali na kiasi, na akikosa siku moja hurudi kesho yake. Soma, chagua moja, uanze nalo.

SIKU NGAPI?

1. Je, wajua kwamba zile "siku 21 za kujenga tabia" hazikutoka kwenye utafiti wa tabia? Chanzo chake ni Maxwell Maltz, daktari Mmarekani wa upasuaji wa kurekebisha sura. Katika kitabu chake cha mwaka 1960, *Psycho-Cybernetics*, alieleza kuwa wagonjwa wake walihitaji siku 21 hivi, kwa uchache, kuizoea sura mpya. Yeye alitaja kiwango cha chini, tena cha kuzoea uso kiooni. Waliomfuata wakakifanya kanuni ya kila tabia.

2. Je, wajua idadi iliyopatikana watu walipofuatiliwa kwa karibu? Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12. Kila mmoja alichagua jambo dogo la kufanya kila siku katika wakati uleule: kunywa maji, kula tunda kwenye chakula cha mchana, kukimbia dakika 15 kabla ya chakula cha jioni. Kwa wastani zilihitajika siku 66 kabla jambo halijaanza kujiendea lenyewe. Aliyewahi alitumia siku 18. Aliyechelewa zaidi alikadiriwa kuhitaji siku 254. Basi ukiona mwezi umekatika na bado unajisukuma, huna kasoro yoyote. Muda wako haujatimia tu.

3. Je, wajua kwamba si kila tabia hukomaa kwa kasi moja? Katika utafiti huohuo, waliochagua kunywa au kula kitu walizoea mapema kuliko waliochagua mazoezi ya mwili. Anayeanza kukimbia asijipime na anayeanza kunywa maji.

4. Je, wajua kwamba kukosa siku moja hakubomoi ulichojenga? Lally na wenzake waliona kuwa kuruka mara moja hakukuwa na athari ya maana kwa tabia iliyokuwa ikijengeka. Hatari iko kwenye kauli inayofuata: "Nimeshaharibu, basi tena." Ukiikataa kauli hiyo asubuhi ya pili, bado uko njiani.

MAZOEA YANATUENDESHA

5. Je, wajua kwamba karibu nusu ya tunayoyafanya kwa siku tunayafanya kwa mazoea? Mwanasaikolojia Wendy Wood na wenzake waliwaomba wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani waandike, saa baada ya saa, wanafanya nini na wanawaza nini. Asilimia 43 hivi ya matendo yao yalikuwa ya kurudiwa kila siku, mahali palepale, huku mawazo yakiwa kwingine.

6. Je, wajua kwamba mazoea hayajali hata utamu? Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, watazamaji wa sinema walipewa bisi, wengine mpya, wengine zilizokaa wiki nzima. Waliozoea kula bisi sinemani walikula zile zilizochacha karibu sawa na zile mpya, ingawa walikiri hazikuwa nzuri. Zilipotolewa kwenye chumba cha mikutano, mazoea hayo hayakuwatawala tena, na bisi mbaya ziliachwa. Kiti, giza na skrini ndivyo vilivyokuwa vikiamuru mkono. Ukitaka kubadili unachokula, anza kwa kubadili kilichopo mezani na mahali unapokaa.

7. Je, wajua kinachotokea ubongoni tabia inapokomaa? Ann Graybiel wa chuo cha MIT na wenzake waliwachunguza panya wanaojifunza njia ya kufikia chakula. Mwanzoni seli za sehemu ya ndani ya ubongo inayohusika na mazoea zilifanya kazi safari nzima. Njia ilipozoeleka, seli hizo zilishtuka zaidi mwanzo na mwisho wa safari, na katikati zikatulia. Huenda ndiyo maana kuanza ndiko kugumu. Ukishavaa viatu vya kutembelea na kufungua mlango, sehemu kubwa ya kazi umeshaimaliza.

SAA NA MAHALI

8. Je, wajua kwamba sentensi moja inaweza kushinda hotuba ndefu ya kutia moyo? Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya watu 248 waliogawanywa makundi matatu. Wa kwanza waliachwa na hiari yao: asilimia 38 walifanya mazoezi angalau mara moja katika wiki iliyopangwa. Wa pili walielimishwa juu ya faida za mazoezi kwa moyo: asilimia 35. Wa tatu walielimishwa vilevile, kisha wakaandika siku gani, saa ngapi na wapi watafanya mazoezi: asilimia 91.

9. Je, wajua kwamba aliyeipa mbinu hiyo msingi wa kitaalamu ni mwanasaikolojia Peter Gollwitzer? Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya matokeo ya majaribio 94, na mpango wa "ikifika hivi, nitafanya hivi" ulionekana kusaidia kwa kiasi kikubwa. Kusema "nitasoma zaidi" ni matamanio. Kusema "nikishaondoa vyombo vya chakula cha jioni, nitakaa kwenye kiti cha dirishani nisome kurasa 5" ni mpango.

10. Je, wajua kwamba Mwislamu anayeswali swala tano ana nanga tano za kufungia tabia nyingine kila siku? Msahafu unaotumiwa na wengi una kurasa 604. Ukisoma kurasa 4 baada ya kila swala, utapata 20 kwa siku, yaani karibu juzuu moja, na ukianza siku ya kwanza ya Ramadhani, mwezi ukiisha utakuwa umebakiza kurasa chache tu. Ndiyo njia wanayofundishwa wengi misikitini. Na Bi Aisha amepokea kwa Mtume kwamba amali ipendezayo zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu ni ile yenye kudumu, hata ikiwa ndogo.

11. Je, wajua kwamba Biblia yenye vitabu 66 ina sura 1,189? Ukisoma sura 4 kwa siku, utaimaliza ndani ya mwaka. Wengi hukwama kwa sababu wanasoma sura 20 Jumapili moja, kisha wanapumzika mwezi mzima.

12. Je, wajua kwa nini kibuyu chirizi kimefaa shule na kaya nyingi zisizo na bomba? Kitazame kilivyo. Dumu dogo la lita 3 au 5 limetobolewa tundu ubavuni, likaning'inizwa kwenye mti ulioegeshwa juu ya nguzo mbili zenye panda. Kamba imefungwa shingoni mwa dumu ikashuka hadi kwenye kijiti kilichoinuliwa kidogo kutoka ardhini. Ukikanyaga kijiti, dumu linainama na maji yanachirizika. Ukiondoa mguu, yanakatika. Kipande cha sabuni kimetobolewa na kufungwa kwa kamba pembeni, kisipotee wala kisianguke topeni. Hugusi kitu kwa mkono mchafu, na maji hayamwagiki bure. La muhimu kupita yote: kinajengwa hatua chache kutoka mlango wa choo. Mtoto akitoka anakiona, na akikiona anakumbuka.

13. Je, wajua kwamba nyayo zilizochorwa zinaweza kufundisha usafi? Katika shule mbili za msingi za vijijini Bangladesh, watafiti walijenga njia kutoka chooni hadi mahali pa kunawia, wakachora nyayo juu ya njia na alama za viganja kwenye beseni. Kabla ya hapo, ni asilimia 4 tu ya watoto waliokuwa wakinawa kwa sabuni baada ya kutoka chooni. Siku moja baada ya kazi kukamilika, wakawa asilimia 68. Wiki sita baadaye, asilimia 74. Hapakuwa na mahubiri wala viboko.

14. Je, wajua kwamba mswaki wa mti una heshima hata kwa wataalamu? Mti wake, *Salvadora persica*, hustawi maeneo makavu, Afrika Mashariki ikiwemo. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi yake pale ambapo watu wameuzoea. Unakaa mfukoni, hauhitaji beseni wala kioo, na kitu kilicho karibu na mkono ndicho kinachotumika. Anayetumia brashi na dawa ya meno yenye floraidi ashike kipimo cha madaktari wa meno: mara 2 kwa siku, dakika 2 kila mara.

USIKAE PEKE YAKO

15. Je, wajua kwamba neno "Mambo?" limewahi kusaidia kuokoa afya za watu? Nchini Kenya, wagonjwa 538 walioanza dawa za kupunguza makali ya VVU waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. La pili, kila wiki lilitumiwa ujumbe mfupi wa simu kutoka kliniki: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, "Sawa" au "Shida". Aliyejibu "Shida", na aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu wa afya. Matokeo yalichapishwa katika jarida la *The Lancet* mwaka 2010: asilimia 62 ya waliojuliwa hali walimeza dawa ipasavyo, dhidi ya asilimia 50 ya wengine. Ujumbe wenyewe haukutaja dawa hata kidogo. Ulimwonyesha mgonjwa kwamba yupo mtu anayengoja jibu lake.

16. Je, wajua kwamba kukumbushwa kupita kiasi hakusaidii? Huko Chulaimbo, magharibi mwa Kenya, utafiti mwingine ulilinganisha ujumbe wa kila siku na wa kila wiki. Waliokumbushwa kila wiki walifanya vizuri: asilimia 53 walifikia kiwango kilichowekwa cha kumeza dawa, dhidi ya asilimia 40 ya wasiokumbushwa. Ujumbe wa kila siku haukuleta tofauti ya maana. Kengele inayolia kila siku sikio huizoea. Kama simu yako ina kengele saba za kukukumbusha mambo, zima sita.

17. Je, wajua kwamba dunia ilijifunza kutoka Tanzania namna ya kuwasaidia wagonjwa wa kifua kikuu kumaliza dawa? Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, daktari Karel Styblo alishirikiana na mpango wa taifa wa Tanzania kujenga utaratibu wa dawa za uhakika, rejesta makini na usimamizi wa karibu wa mgonjwa. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliusambaza utaratibu wa aina hiyo kwa jina la DOTS, ambapo mgonjwa humeza dawa mbele ya msimamizi. Tiba ya kawaida ni miezi 6, na mgonjwa huanza kujisikia vizuri mapema sana. Hapo ndipo penye mtego, kwani anayeacha njiani huweza kurudiwa na ugonjwa uliokwisha kuwa sugu kwa dawa. Mwenye kukaa naye dakika moja wakati wa kumeza anamvusha.

18. Je, wajua kwamba sanduku lenye kufuli linaweza kuongeza akiba? Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwapa wanachama wa vikundi vya kuchangiana, magharibi mwa Kenya, sanduku la chuma lenye kufuli na ufunguo, la kuwekea fedha za mahitaji ya afya. Hawakuongezewa shilingi. Matumizi yao kwa vitu vya kinga ya afya yalipanda kwa asilimia 66. Fedha iliyopewa kazi na mahali pake haichukuliwi ovyo. Mwenye kibubu nyumbani anaijua siri hiyo, na mwanachama wa kikundi cha akiba cha VICOBA anajua zaidi, maana siku ya hisa wenzake wanamngoja.

19. Je, wajua kwamba tangu mwaka 1928 Wajapani wamekuwa na mazoezi ya viungo yanayoongozwa na redio? Yanaitwa Radio Taiso. Yalikatizwa baada ya Vita Kuu ya Pili, yakarudi kwa muundo mpya mwaka 1951, na hadi leo shirika la NHK huyarusha saa 12 na nusu asubuhi. Yanachukua dakika chache, muziki ni uleule, na wazee hukutana bustanini kuyafanya pamoja. Wakati wa likizo ya kiangazi watoto hupigiwa muhuri kwenye kadi kwa kila siku waliyohudhuria.

WALIODUMU

20. Je, wajua kwamba Eliud Kipchoge ameandika mazoezi yake daftarini tangu mwaka 2003? Mwaka huo, akiwa na miaka 18, alishinda mita 5,000 kwenye mashindano ya dunia mjini Paris. Kwa miaka mingi maisha yake yalikuwa haya: Jumatatu hadi Jumamosi yuko kambini Kaptagat, karibu na Eldoret, mwisho wa wiki yuko nyumbani na familia. Jumanne mazoezi ya uwanjani. Alhamisi mbio ndefu, kilomita 30 au 40. Jumamosi mbio za kubadili kasi. Kocha alikuwa yuleyule, Patrick Sang, mshindi wa medali ya fedha ya Olimpiki mwaka 1992. Zamu za usafi zilimhusu kila mtu kambini, na bingwa naye alisugua vyoo. Amesema mara nyingi kwamba hajikamui hadi tone la mwisho mazoezini, ili kesho aweze tena. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Dunia iliiona siku ile moja. Alhamisi zilizoijenga zilipita bila kushangiliwa.

21. Je, wajua kwamba Nelson Mandela hakuacha mazoezi hata gerezani? Alieleza mwenyewe kuwa Jumatatu hadi Alhamisi, asubuhi, alikimbia papo hapo ndani ya chumba chake hadi dakika 45, akapiga pushapu 100 na mazoezi ya tumbo 200. Kati ya miaka yake 27 ya kifungo, 18 aliipitisha kisiwani Robben. Chumba hakikumruhusu kwenda mbele hata hatua chache, hivyo akachagua zoezi linaloenea humo.

22. Je, wajua kwamba mwandishi Mwingereza Anthony Trollope alitunga riwaya 47, baadhi yake akiwa bado mfanyakazi wa posta? Saa 11 na nusu alfajiri alikuwa mezani, saa yake mbele yake, akijidai maneno 250 kila robo saa. Alimlipa mtumishi pauni 5 zaidi kwa mwaka ili amwamshe kwa kahawa, na baadaye akaandika kwamba mtumishi huyo anastahili shukrani kuliko mtu mwingine yeyote kwa mafanikio yake.

23. Je, wajua kwamba mtafiti Jane Goodall, alipofika Gombe, Kigoma, tarehe 14 Julai 1960, alikimbiwa na sokwe kwa miezi kadhaa? Alikuwa na miaka 26. Aliendelea kupanda kilima kilekile na kukaa kimya aonekane, hadi wakaanza kumzoea. Kabla mwaka huo haujaisha alimwona sokwe aliyempa jina la David Greybeard akichokoa mchwa kichuguuni kwa jani la nyasi, jambo lililowalazimu wanasayansi kufikiri upya dhana kwamba binadamu peke yake ndiye mwenye zana. Utafiti huo wa Gombe umeendelea kwa zaidi ya miaka 60.

KIASI NA MWANZO

24. Je, wajua kwamba lengo la hatua 10,000 kwa siku lilitokana na tangazo la biashara? Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani iliuza kifaa cha kuhesabia hatua, na jina lake lilibeba idadi hiyo. Mwaka 2019 I-Min Lee na wenzake walichapisha takwimu za wanawake 16,741 wenye wastani wa miaka 72. Waliotembea hatua 4,400 hivi kwa siku walikuwa na hatari ya kufa iliyo pungufu kwa asilimia 41 kuliko waliotembea 2,700, na faida iliacha kuongezeka karibu na hatua 7,500. Kwa mama anayekwenda sokoni na kurudi kwa miguu, hilo si jambo la mbali. Lengo dogo unalolitimiza leo na kesho lina thamani kuliko kubwa linalokufanya ukae nyumbani.

FANYA HIVI WIKI HII

Watafiti Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis walionyesha mwaka 2014 kwamba watu huenda zaidi kwenye mazoezi mwanzo wa wiki, mwanzo wa mwezi na mwanzo wa mwaka. Mwanzo mpya unatia nguvu kweli, na nguvu hiyo haiko Januari peke yake: mwaka una Jumatatu 52. Chukua karatasi uandike jambo moja tu, saa yake, mahali pake na kitu kitakachokukumbusha. Lipunguze hadi uweze kulifanya hata siku ambayo umechoka na umeme umekatika. Mwambie mtu mmoja unayemheshimu akuulize habari zake kila Ijumaa. Kisha jipe miezi miwili mitatu kabla ya kujihukumu, na siku utakayokosa, rudi kesho yake bila kujitukana.